Makasha Matatu ya Wimbo Mmoja

Kipkirui aliyapanga makasha matatu ya CD juu ya meza ya cherehani, kati ya mkasi na kopo la vifungo, kisha akajifuta mikono kwenye suruali.

"Mama Musimbi, chagua moja," akasema. "Moja tu. Ijumaa saa sita nalituma Nairobi kwa wachapaji, na likishaenda limeenda."

Maximilla hakuyagusa. Aliendelea kukanyaga cherehani yake, ingawa kitambaa kilikuwa kimeisha chini ya sindano na alikuwa anashona hewa.

Utauliza, siku hizi nani bado ana mashine ya CD? Uliza tu. Hata Kipkirui mwenyewe, aliyetengeneza ile filamu ya mkulima wa Moiben, muziki anasikilizia kwenye simu. Lakini hapa Eldoret kwaya haizinduliwi kwa simu. Uzinduzi ni lazima uwe na CD: ifungwe kwa utepe, iwekwe kwenye sinia, mgeni wa heshima aiinue juu kwa mikono miwili, akina mama wapige vigelegele. Sasa atainua nini, flash? Watu wangekucheka mpaka Burnt Forest.

Na hii haikuwa CD ya mchezo. Filamu ilikuwa imependwa, lakini wimbo wake wa mwisho, pale mkulima anaporudi kwake akiwa hana kitu, ndio uliowaliza watu. Uliimbwa na kwaya ya kanisa la mtaa wa Munyaka, na mwalimu wa kwaya hiyo kwa miaka ishirini alikuwa huyu Maximilla, fundi wa nguo mwenye kibanda pale mtaa wa West Indies. Solo ya wimbo huo iliimbwa na bintiye, Musimbi. Na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Kasha la kwanza lilikuwa la plastiki, yale ya kawaida yanayovunjika bawaba siku ya pili. Mbele lina picha ya mkulima amesimama kati ya mabua ya mahindi, nyuma lina orodha ya nyimbo na maneno mawili tu: "Kwaya ya Munyaka". Hakuna mtu, hakuna jina.

La pili lilikuwa la kadi ngumu, linalokunjuka mara tatu. Ukilifungua unakutana na kwaya nzima, watu ishirini na wawili ndani ya yunifomu ya buluu aliyoshona Maximilla kwa mkono wake, wamepigwa picha shambani siku ile ya kurekodi. Katikati, mbele kabisa, na kitambaa cha manjano begani, amesimama Musimbi akicheka. Chini kuna majina yote, na la kwanza ni lake: Musimbi, sauti ya solo.

La tatu lilikuwa la bati. Zuri, haki ya Mungu! Zito mkononi, lenye kijitabu cha maneno ya nyimbo. Ndani yake picha ya kwaya haikuwepo bado, kwa sababu ingepigwa upya. Na kwenye ukurasa wa kwanza paliandikwa "Sauti ya solo", halafu nukta nukta nukta.

"Hapa mbona pako wazi?" Maximilla akauliza.

Kipkirui akatazama barabarani. "Wazee wa kanisa walinitembelea. Mimi sitaki maneno na mtu, Mama. Walisema picha ipigwe nyingine, isiyo na Musimbi. Na hapo pa jina..." Akakohoa. "Walisema liandikwe lako."

Cherehani ikanyamaza.

Sasa nikueleze, usije ukadhani wazee hao walikurupuka tu. Mwezi wa tatu Musimbi alionekana kuwa na mimba na harusi haikuwepo, basi akawekwa chini ya nidhamu. Nidhamu ya kanisa hilo kila mtu anaijua. Huimbi. Hushiriki meza ya Bwana. Unakalia benchi la mwisho, lile la ukutani karibu na mafagio, mpaka siku utakaposimama mbele ya watu wote uungame. Musimbi alisema yuko tayari kusimama, lakini jina la mwanamume hatalitaja mbele ya watu. Wazee wakasema toba nusu si toba. Basi akakaa na mafagio yake mwezi mmoja, miwili, mitatu, na tumbo likawa linaongezeka, na hakuna aliyerudi nyuma.

Jambo moja dogo lilikuwa limemuuma Maximilla kuliko hayo yote. Wazee waliokuwa wakimwita Mama Musimbi tangu binti huyo azaliwe, sasa walimwita Mwalimu. Hawakusema chochote. Walibadilisha tu.

Na kwa nini achague yeye? Ndiyo hapo. Mchungaji alisema hilo ni la wazee. Wazee wakasema ni la kwaya. Wanakwaya wakatazamana, wakasema, "Sisi tutafuata atakalosema Mwalimu." Kila mtu alijitoa mlangoni, yeye akabaki ndani peke yake na makasha matatu.

Alhamisi Mzee Murunga, mwenyekiti wa wazee, alikuja kibandani na suruali ya kupunguzwa miguu. Haikuhitaji kupunguzwa. Maximilla aliipima mara mbili na kuona iko sawa, lakini akaipokea.

"Hatukulazimishi, Mwalimu," Mzee akasema, sauti laini kabisa, amekalia kiti cha wateja na kofia amepakata. "Ukitaka la kadi, chagua la kadi. Ila fikiria. Mgeni wa heshima anainua CD kanisani, ndani yake yuko mtu tuliyemweka benchi la nyuma. Vijana watasema nini? Itabidi tuiambie kwaya ipumzike kidogo."

"Ipumzike mpaka lini, Mzee?"

"Mpaka mambo yatulie."

Maximilla alijua kupumzika huko. Kwaya ya vijana ilipumzishwa hivyo hivyo, na hadi leo vinanda vyao vimefunikwa turubai. Watu ishirini na mmoja, kina Jelagat wa sauti ya pili, kina baba Mulongo wa besi ambaye tangu afiwe na mkewe hana pengine pa kwenda Jumamosi, wote wafungiwe mlango kwa ajili ya picha ya mwanawe. Wangemtazama vipi sokoni?

"Na lile la bati ni zuri," Mzee akaendelea. "Sauti zenu zinafanana. Mimi mwenyewe nikifumba macho siwezi kuwatofautisha. Si uongo mkubwa huo, Mwalimu. Si ni wewe uliyemfundisha?"

Hasira ilimpanda Maximilla mpaka masikio yakawaka. Alitamani amtupie mzee suruali yake na kumwambia aende akaivae jinsi ilivyo. Badala yake alisema, "Njoo Jumanne, itakuwa tayari." Ndivyo alivyokuwa. Mdomo wake ulijua kuimba kuliko kukataa.

Jioni alibeba makasha yote matatu mpaka nyumbani Munyaka, akayaweka mezani mbele ya Musimbi aliyekuwa anachagua maharagwe kwenye sinia. Hakujua amwambie nini. Alisema tu, "Tazama."

Musimbi alilifungua la kadi kwanza. Akacheka kwa sauti. "Ai! Mama, kumbe nilikuwa na kiuno!" Alilikunjua lote, akasoma majina moja baada ya jingine kwa kidole, akafika kwa baba Mulongo, akacheka tena, akalikunja polepole. La plastiki aliligeuza mbele na nyuma na kuliweka chini. Kisha akachukua la bati. Alisoma zile nukta, na kicheko kikaisha.

"Hapa wataandika nani?"

Maximilla aliinamia maharagwe, akaanza kutoa mawe ambayo hayakuwepo.

"Mama."

"Wazee wana maneno yao."

Musimbi hakuwa mjinga. Aliweka mkono juu ya tumbo. "Picha sijali," akasema mwishowe. "Jina langu nalo wakilitoa, nimezoea. Wanitoe. Lakini usiandike lako, Mama. Hiyo tu ndiyo naomba. Usisimame mahali pangu."

"Siandiki."

"Niapie."

"Musimbi, nimesema siandiki!"

"Basi chagua unalotaka," akasema binti, akaondoka na sinia yake kwenda jikoni.

Hapo Maximilla akaona upenyo. La plastiki! La kadi lingefunga kwaya, la bati lingemwibia mtoto, lakini la plastiki halimtaji mtu, halimwonyeshi mtu, halimdhuru mtu. Wazee hawatakuwa na la kusema. Musimbi hataibiwa na mamake. Kwaya itaimba. Alishangaa jinsi jambo lilivyokuwa rahisi, na usiku huo alilala bila kugeukageuka.

Ijumaa Kipkirui alilipokea kasha hilo, akalitazama, akamtazama yeye.

"Una uhakika? Mama Musimbi, hili ndilo baya kuliko yote. Halina mtu ndani."

"Ndiyo sababu."

"Sawa. Wewe ndiye bosi."

Kwa siku nane Maximilla alikuwa mtu mwepesi. Alishona, aliimba peke yake kibandani, hata suruali ya Mzee Murunga alimrudishia jinsi ilivyokuwa na mzee akasema imemkaa vizuri sana sasa. Kadi za mwaliko zikatoka. Mgeni wa heshima akathibitisha kuwa atakuja.

Jumamosi ya mazoezi ya mwisho, Jelagat alinyoosha mkono.

"Mwalimu, kesho solo nani anatoka mbele?"

Maximilla akaishusha mikono aliyokuwa ameiinua kuwaanzishia wimbo.

Lo! Mwanamke aliyezindua CD mbili kabla ya hiyo, anayejua uzinduzi kuanzia maombi mpaka soda, alikuwa amesahau kitu ambacho hata watoto wa shule ya Jumapili wanakijua. Kwaya haiimbi siku ya uzinduzi. CD yenyewe ndiyo inayopigwa kwenye spika, kwa sauti kubwa, na wanakwaya wanacheza na kufuatisha kwa midomo kana kwamba wanaimba. Watu wanataka kusikia kile wanachonunua. Na solo ikifika, lazima mwenye solo atoke, asimame mbele na maikrofoni isiyowashwa, afungue mdomo, sauti itoke kwenye spika. Alihangaika na karatasi na plastiki siku zote hizo, lakini mdomo wa mtu hakuufikiria hata mara moja.

"Wewe utatoka, Jelagat," akasema haraka.

"Mimi? Mwalimu, hapana! Mimi ni sauti ya pili, kila mtu ananijua, watanicheka. Hiyo sauti haiwezi kutoka kwangu."

Maximilla akawatazama wengine. Wakatazama viatu vyao.

"Ni Mwalimu mwenyewe," ikasema sauti laini kutoka mlangoni. Mzee Murunga alikuwa amesimama pale, amevaa suruali yake ile. "Sauti si zinafanana? Nani atajua?"

Na mlango aliodhani ni wa kutokea, kumbe ni wa kuingilia, ukajifunga nyuma yake, tena alikuwa ameusukuma mwenyewe. Kadi zilishatoka. Mgeni alishathibitisha. Angesema nini, wimbo usipigwe? Wimbo huo ndio CD yenyewe. Jina lake hakuliandika, ahadi alikuwa hajaivunja, na bado angesimama palepale alipoombwa asisimame.

Jioni hiyo alikuwa anapiga pasi kile kitambaa cha manjano cha mwenye solo, Musimbi akapita.

"Hicho kinaenda wapi?"

"Nakinyoosha tu," akasema Maximilla. "Kilikuwa na mikunjo."

Musimbi alikitazama, akamtazama mamake, akaingia ndani. Mwambie, alijihimiza Maximilla, mwambie sasa hivi. Pasi ilipoa mkononi na hakumwambia.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka madirishani. Mgeni wa heshima, mkulima mkubwa wa huko Moiben, alikaa kwenye kiti cha kitambaa na CD iliwekwa mbele yake juu ya sinia, kasha la plastiki na utepe mwekundu. Maximilla alisimama na kwaya, kitambaa cha manjano begani. Alikuwa akiomba kimoyomoyo kwamba Musimbi asije. Mama gani anaomba mwanawe asije kanisani? Aliomba hivyo hivyo. Kisha akainua macho na kumwona, benchi la mwisho, karibu na mafagio, ndani ya gauni la kijani ambalo sasa lilikuwa limembana.

Wimbo ukaanza. Kinanda, kayamba, sauti za kiume. Kwaya ikayumba kushoto na kulia. Mzee Murunga, mstari wa mbele, akamwashiria kwa kidevu.

Akatoka.

Sauti ya Musimbi ikajaa kanisa lote. Ilitoka kwenye spika mbili kubwa, changa, safi, yenye kuomba, na chini yake mdomo wa Maximilla ukafunguka na kufungwa, neno kwa neno. Alikuwa anayajua maneno hayo kuliko mtu yeyote. Ni yeye aliyemfundisha. Watu wakaanza kupiga makofi. Mwanamke mmoja akasema, "Mama ana sauti huyu!" na Maximilla akasikia, na akaendelea, macho ameyakaza juu ya mlango wa pembeni ili asione benchi. Hakuna aibu aliyowahi kuionja iliyofanana na ile, ya kusifiwa kwa sauti ya mtoto aliyemwacha akae nyuma.

Ukafika mstari wa mwisho. *Nirudishe nyumbani kabla njia haijanisahau.* Miaka ishirini Maximilla amefundisha kwaya ile kwamba mstari mrefu hukatwa katikati. Baada ya "nyumbani" unafunga mdomo, unavuta pumzi, unaendelea. Waimbaji wake wote huvuta pale, na yeye mwenyewe huvuta hata akiwa usingizini.

Akasema "nyumbani" kwa midomo, akafunga mdomo, akavuta pumzi.

Sauti haikusimama.

Ilipita moja kwa moja, *kabla njia haijanisahau*, juu ya mdomo uliofungwa, mbele ya watu mia nne. Musimbi siku ile ya kurekodi hakuvuta pumzi. Alikwenda na mstari mzima kwa pumzi moja, na Maximilla alipogomba, Kipkirui alisema acheni hivyo hivyo, ndipo mahali pazuri kuliko pote. Alikuwa amesahau na hilo. Au labda hakutaka kulikumbuka.

Mtoto mmoja akacheka. Halafu makofi yakakatika, na wimbo ukaanza kurudia ubeti. Mtu wa kwanza kugeuza shingo alikuwa baba Mulongo wa besi, kutoka ndani ya kwaya yenyewe. Kisha Jelagat. Kisha mabenchi, moja baada ya jingine, mpaka hata mgeni wa heshima akageuka na kiti chake kuona wote wanatazama nini. Walikuwa wanamtazama msichana mmoja karibu na mafagio, aliyekuwa ameinamisha kichwa, na hakuna aliyekuwa na shaka tena sauti ile ilikuwa ya nani.

Maximilla hakufungua mdomo tena. Mzee Murunga alimwashiria kwa kidevu, kisha kwa mkono, kisha akanyanyuka nusu. Yeye aliiweka maikrofoni sakafuni, akavua kitambaa cha manjano, akashuka. Njia ile ya katikati hakuwahi kuiona ndefu hivyo. Aliogopa kila hatua, kwa maana alijua, kama kila mtu mle ndani alivyojua, kwamba benchi la mwisho halikaliwi kwa bahati mbaya. Ukilikalia umejihukumu, na hutoki mpaka usimame mbele uungame.

Akakaa.

Musimbi hakumtazama. Alisogea kidogo, kwa sababu ya tumbo nafasi ilikuwa ndogo, na ufagio mmoja ukaanguka. Wimbo ulikuwa bado unaendelea juu yao. Maximilla akaweka kile kitambaa juu ya mapaja ya bintiye, na bintiye hakukitoa, wala hakukishika.

"Nilikufundisha uvute pumzi pale," Maximilla akanong'ona.

"Najua. Nilikataa."

Kule mbele Mzee Murunga alikuwa anamnong'oneza mchungaji, na mchungaji alikuwa anawatazama. Musimbi aliwaona. Akajifuta macho kwa kiganja.

"Sasa na wewe watakusimamisha," akasema. "Utaungama nini, Mama?"

Maximilla aliitazama ile sinia na utepe mwekundu.

"Nitaanza na kasha la plastiki," akasema.